Nani aliamua kuwa dawa haitatosha?

Je, ni haki kumpa mama mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI (VVU) kidonge kisicho na dawa, kwa ajili ya utafiti, wakati dawa ya kumkinga mtoto wake imekwisha kujulikana?

Swali hili tulipewa sisi wanafunzi wa udaktari katika somo la maadili ya tiba. Nusu ya darasa ilipangwa kutetea, nusu kupinga, na baada ya mdahalo kila mmoja akaandika insha. Mimi niliangukia upande wa utetezi. Kazi nyingi za darasani huisha zikikusanywa, lakini hii haijaniisha. Kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba jambo zito kuliko yote katika kisa hiki halikuwamo kabisa kwenye karatasi ya swali, na kwamba daktari wa nchi kama yetu atakutana nalo kila siku ya kazi.

Kisa chenyewe ni cha kweli, na sehemu yake ilitokea Dar es Salaam.

Dawa imepatikana, dawa haifiki

Februari 1994 watafiti wa Marekani na Ufaransa walitangaza matokeo ya jaribio lililoitwa 076. Wajawazito wenye VVU walimeza dawa iitwayo AZT mara tano kwa siku, wakawekewa dripu ya dawa hiyo hiyo wakati wa uchungu, na watoto wao wakanyweshwa kwa wiki sita baada ya kuzaliwa. Hawakunyonyeshwa. Miongoni mwa waliopewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, watoto wapatao 25 katika kila 100 waliambukizwa. Kwa waliopewa AZT, idadi ilishuka hadi watoto 8. Jaribio lilikatishwa kabla ya muda wake, kwa sababu kuendelea kumnyima mama yeyote dawa hiyo kungekuwa dhuluma.

Upande wetu wa dunia habari hizo zilipokewa kwa furaha iliyochanganyika na uchungu. Dozi nzima ya mama mmoja iligharimu takriban dola 800 za Marekani, wakati ambapo wizara nyingi za afya barani Afrika zilikuwa na dola chache tu za kumhudumia mwananchi mmoja kwa mwaka mzima. Dripu ilihitaji hospitali, na akina mama wengi walijifungulia nyumbani au kwenye zahanati. Wengi walianza kliniki mimba ikiwa imekwisha kuwa kubwa. Na karibu wote walinyonyesha.

Juni mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu Geneva, wakapendekeza dozi fupi na za bei nafuu zijaribiwe, zikilinganishwa na plasebo. Majaribio yakaanzishwa Thailand, Ivory Coast, Burkina Faso na nchi nyingine kadhaa za Afrika. Moja kati ya hayo, lililoitwa Petra, lilifanyika Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban.

Septemba 1997 moto ukawaka. Madaktari wawili wa shirika la Public Citizen la Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba majaribio 15 katika nchi maskini yalikuwa yakiwanyima baadhi ya akina mama kinga inayojulikana. Mhariri mtendaji wa jarida hilo, Marcia Angell, alikwenda mbali zaidi: aliyafananisha na utafiti wa Tuskegee, Alabama. Huko, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuthibitishwa kuwa tiba.

Hoja za pande mbili

Upande wetu wa utetezi haukuwa na hoja nyepesi. Tulisema kwamba kipimo cha 076 hakikuwa na maana kwa mama wa kijijini ambaye hatapata dripu wala maziwa ya kopo. Swali lake lilikuwa lingine: je, vidonge vichache vya mwisho wa ujauzito vinasaidia kuliko kutokuwa na chochote? AZT hupunguza damu, na wajawazito wetu wengi tayari wana upungufu wa damu kutokana na malaria na lishe duni, hivyo ilikuwa lazima usalama wake upimwe kwa miili yao na katika mazingira yao. Plasebo ingetoa jibu la wazi na la haraka, na kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa na watoto wake. Nilimtaja pia Edward Mbidde, daktari bingwa wa saratani wa Uganda, aliyetetea haki ya Waganda wenyewe kuamua utafiti unaofaa watu wao badala ya kuamuliwa na wahariri wa ng'ambo. Hoja hiyo ilinigusa wakati huo na inanigusa hadi leo.

Wapinzani wetu walikuja na Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, ambalo lilitaka kila mgonjwa aliye katika utafiti, hata wa kundi la kulinganishia, apate tiba bora iliyothibitishwa. Walionyesha kwamba huko huko Thailand watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipanga jaribio la dozi fupi bila plasebo, wakilinganisha dozi fupi na ndefu. Kumbe iliwezekana. Walitukumbusha pia kwamba wanahabari waliofika Abidjan mwaka 1997 walikutana na akina mama walioshiriki bila kuelewa sawasawa kuwa vidonge vyao huenda havikuwa na dawa. Mwenzetu mmoja akauliza: mama anapochagua kati ya bahati nasibu ya kupata dawa na uhakika wa kutoipata, hiyo ni ridhaa ya namna gani? Wahenga walikwisha kusema mwenye njaa hana miiko.

Historia yenyewe haikusubiri mshindi wa mdahalo. Februari 1998 matokeo ya Thailand yalionyesha kuwa AZT ya wiki za mwisho, inayomezwa mara mbili kwa siku, hupunguza maambukizi kwa nusu kwa watoto wasionyonyeshwa. Plasebo ikaondolewa katika majaribio mengine, pamoja na lile la Hospitali ya Mulago, Kampala, lililoendelea kwa kulinganisha dawa nyingine, nevirapine, na AZT. Mwaka 1999 Mulago ikatoa jibu lililotikisa dunia: kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama uchungu ukianza, na dozi moja kwa mtoto ndani ya siku tatu, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu kuliko AZT ya muda mfupi. Gharama ilikuwa takriban dola 4 kwa mama na mtoto. Petra nayo ilithibitisha hofu ya wengi: sehemu kubwa ya faida ya dozi fupi ilipotea mtoto alipoendelea kunyonya. Kwa hiyo watetezi walikuwa na sababu za kisayansi, na wapinzani walikuwa na sababu za kiutu.

Jambo ambalo pande zote zililikubali

Nilipokaa kuandika insha niliona kitu ambacho mdahalo ulikuwa umenificha. Tulibishana kwa saa nzima kuhusu nini kifanyike pale ambapo dawa haipatikani, na hakuna aliyeuliza kwa nini haipatikani. Upande wetu uliita hali hiyo kiwango cha tiba cha mahali, kama vile ni mvua au ukame. Upande wa pili uliilaani, lakini nao uliichukua kama ilivyo.

Shangazi yangu ni mkunga mstaafu, na miaka yote ya tisini alifanya kazi katika hospitali ya wilaya. Nilimpigia simu nikamsomea swali la insha.

"Mwanangu," akaniambia, "sisi hata glovu tulimwambia mama aje nazo kutoka nyumbani. Hiyo dawa tuliambiwa haipo, basi. Ukiambiwa hivyo miaka kumi, unaacha kuuliza."

Nikamuuliza kama wangeulizwa wao wakunga, wangesema nini kuhusu plasebo.

"Tungesema leteni dawa."

Nilirudi vitabuni nikifuatilia bei. AZT ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964 na Jerome Horwitz, mtafiti wa Detroit aliyekuwa akitafuta tiba ya saratani kwa fedha za umma. Iliporuhusiwa kutumika dhidi ya VVU mwaka 1987, kampuni ya Burroughs Wellcome iliipangia bei ya maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Septemba 1989 wanaharakati wa kundi la ACT UP waliingia katika Soko la Hisa la New York kupinga bei hiyo, na siku chache baadaye kampuni ikaipunguza kwa asilimia 20. Kemia ya dawa ilibaki ile ile na gharama za kiwanda hazikubadilika ndani ya wiki moja. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu waliokaa mezani. Zile dola 800 za mama mmoja, ambazo pande zote mbili darasani zilizitaja kama kikwazo kisichosogezeka, zilikuwa na wenyewe waliozipanga.

Mashine ishirini za Durban

Kazi ya pili ya muhula ilinipeleka njia ile ile. Tuliambiwa tujadili namna ya kugawa mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Mfano wa vitabuni ni Seattle, Marekani. Baada ya Belding Scribner kubuni mwaka 1960 kifaa kilichowezesha mgonjwa kusafishwa damu mara nyingi kwa miaka, wahitaji walizidi mashine. Kituo cha Seattle kikaunda kamati ya raia saba iliyochagua nani aishi. Mwaka 1962 mwandishi wa jarida la Life, Shana Alexander, alifichua kwamba kamati hiyo ilitazama kipato, ndoa, idadi ya watoto, hata mahudhurio ya kanisani.

Vitabu vingi hukaa hapo, vikijadili kama vigezo vile vilikuwa vya haki. Mimi nakaa zaidi kwenye kilichofuata. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharamia matibabu ya karibu kila mwenye figo zilizoshindwa kabisa. Swali la nani aachwe afe likayeyuka kwa sababu mtu alikwenda kudai kwamba asiachwe mtu.

Miaka 25 baadaye swali hilo hilo lilisimama Durban. Thiagraj Soobramoney, mwenye miaka 41, kisukari na ugonjwa wa moyo, alikataliwa kusafishwa damu katika Hospitali ya Addington, iliyokuwa na mashine 20 tu, baadhi zikiwa chakavu. Kanuni ya hospitali iliwapa kipaumbele waliofaa kupandikizwa figo, na yeye hakufaa. Novemba 27, 1997 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema hospitali haikuvunja katiba, kwa kuwa kanuni yake ilikuwa ya busara na imetumika kwa usawa. Alifariki siku chache baadaye.

Darasani wengi walikubaliana na mahakama, nami pia. Hakimu hawezi kuzalisha mashine. Lakini nadhani daktari anayesoma hukumu ile anapaswa kujisikia vibaya kuliko hakimu, kwa sababu hakimu alijibu alichoulizwa, na daktari kesho yake atakutana na mgonjwa mwingine mlangoni.

Bei iliporomoka kwa kusukumwa

Mwaka 2000 dawa za mseto za kufubaza VVU zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Watu wenye heshima zao walisema Afrika haitaweza kamwe. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350. Aprili mwaka huo kampuni 39 za dawa ziliondoa kesi yao mjini Pretoria dhidi ya sheria ya Afrika Kusini ya kupata dawa nafuu, baada ya maandamano ya dunia nzima. Novemba, mawaziri wa biashara waliokutana Doha walikubali kuwa hataza (patenti) za dawa zisizuie nchi kulinda afya ya umma. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia (Global Fund) ulitangaza kuwa dozi bora ya mwaka mzima inapatikana kwa chini ya dola 45.

Wala fedha si kizuizi pekee. Mwaka 2000 watengenezaji wa nevirapine walijitolea kuitoa bure kwa miaka mitano katika nchi zinazoendelea ili kukinga watoto. Serikali ya Afrika Kusini iliibana dawa hiyo katika vituo viwili tu kwa kila mkoa. Chama cha Treatment Action Campaign, kilichoasisiwa na Zackie Achmat na wenzake mwaka 1998, kilikwenda mahakamani, na Julai 5, 2002 Mahakama ya Katiba, ile ile ya kesi ya Soobramoney, ikaiamuru serikali iondoe kizuizi. Safari hii uhaba ulikuwa wa amri, na mahakama ikauita hivyo.

Leo, bila kinga yoyote, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na akina mama wenye VVU wanaweza kuambukizwa. Kwa dawa zinazotolewa bure katika kliniki zetu, idadi hushuka chini ya watoto 5, mama akiwa ananyonyesha. Dawa ile ile iliyosemwa haiwezekani, shangazi aliigawa kwa mikono yake kabla hajastaafu.

Na usiku wa zamu?

Kuna jibu ninalopewa kila ninaposema haya, nalo ni la haki. Usiku wa zamu, mashine ya kupumulia ikiwa moja na wagonjwa wakiwa wawili, daktari hawezi kuandamana kwenda sokoni New York. Lazima achague, na achague kwa kanuni inayoeleweka: nani ana nafasi kubwa ya kupona, nani ana dharura zaidi. Cheo, kabila, simu ya mkubwa na uzito wa mfuko visiingie kabisa. Hilo ndilo maadili ya tiba yanalotufundisha, na sitaki lipungue hata chembe. Mtoto wa mkulima anayekosa kitanda kwa sababu mtoto wa kiongozi amefika ameibiwa.

Na upo uhaba ambao hautaondoka kwa kelele. Viungo vya kupandikiza vitakuwa vichache daima, na daktari bingwa hazalishwi kwa mwaka mmoja. Kuna mambo tutagawana tu.

Ninachokataa ni kanuni ya usiku ule kugeuka kuwa mwisho wa mazungumzo asubuhi. Daktari anayegawa kwa haki kilichopo, kisha asiseme neno kuhusu kilichokosekana, amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili tunaiita siasa na kuiogopa. Lakini waliomnyima mama AZT mwaka 1994 hawakuwa wauguzi wa kliniki. Waliomnyima walikaa mbali na wodi, katika ofisi za kampuni, wizara na mabaraza ya biashara, ambako hakuna aliyewauliza kama wanafuata Helsinki.

Swali hili si la historia. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki nyingi za VVU Afrika Mashariki, zilizoegemea mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, tangu ulipoanzishwa mwaka 2003, zikajikuta na mashaka ndani ya siku chache. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika hapo hadi leo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha bima kinachoamua kama mgonjwa wa figo wa Namtumbo atasafishwa damu huandikwa na watu, katika vikao, kwa kalamu. Huo ni uamuzi wa kitabibu kama ulivyo uamuzi wa zamu, isipokuwa unahusu wagonjwa maelfu kwa mara moja.

Ninachoomba kwa walimu wetu

Ninaomba mambo mawili, na yote yanawezekana bila fedha nyingi.

La kwanza, kila zoezi la maadili linalohusu uhaba liwe na kipengele cha mwisho: uhaba huu umetokana na uamuzi wa nani, na kuuondoa kungegharimu nini? Mwanafunzi alazimike kutafuta bei, kusoma bajeti ya wizara, kujua kama hataza ipo au imekwisha. Tunajifunza kusoma kipimo cha damu na picha ya mapafu. Tunaweza kujifunza kusoma kitabu cha bajeti ya afya.

La pili, kila mgonjwa anapokosa huduma kwa sababu kitu hakikuwapo, iandikwe, ijadiliwe, ipelekwe juu. Mfano tunao nyumbani. Nchini mwetu upo utaratibu wa kupitia vifo vya uzazi: timu hukaa, haitafuti wa kumfunga, inatafuta kilichopungua. Damu haikuwapo? Gari lilichelewa? Mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja? Kwa kuandika hivyo, kifo kinaacha kuwa mapenzi ya Mungu tu na kuwa jambo lenye mahali pa kurekebishwa. Utaratibu huo utanuliwe ufike kwa mgonjwa wa figo, wa saratani, na mtoto aliyekosa kitanda cha uangalizi maalumu.

Insha yangu niliimaliza kwa kusema kwamba katika mazingira ya mwaka 1994 hadi 1998 plasebo ilikuwa na utetezi wa kisayansi, na kwamba mazingira yenyewe hayakuwa na utetezi wowote. Nilipewa alama za wastani, na maoni ya mwalimu yalikuwa kwamba nimetoka nje ya swali. Namheshimu mwalimu wangu, na ninaelewa kwamba mtihani una mipaka. Lakini mgonjwa ataletwa kwangu na matatizo yake yote, yaliyo ndani ya swali na yaliyo nje. Nimeamua kuwa daktari atakayeyauliza yote mawili, na ninawaomba wenzangu wa darasa, waliotetea na waliopinga, tuyaulize pamoja kabla hatujazoea kujibiwa kwamba dawa haipo.